Manusura Hafuti Kesi kwa Kupenda Kipigo

Kila mwaka, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, tunaadhimisha Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, na kila mwaka katika majukwaa hayo husikika lalamiko lile lile kutoka kwa polisi, waendesha mashtaka na maofisa ustawi wa jamii: kesi zinafia njiani kwa sababu walioziripoti ndio wanaozifuta. Mwanamke anapigwa, anakwenda kituoni, anapewa RB, yaani namba ya taarifa yake kituoni, na fomu ya polisi ya matibabu, PF3, anatibiwa, mume anakamatwa. Baada ya siku chache mlalamikaji anarudi akiwa amefuatana na shangazi wa mume, anamwambia mpelelezi kwamba yamekwisha, wameyamaliza kifamilia. Zanzibar jambo hilo huitwa muhali, na viongozi wa huko wamelitaja mara nyingi kuwa kikwazo katika kesi za udhalilishaji. Sasa awamu ya pili ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, yaani MTAKUWWA, inayokwenda kuanzia mwaka wa fedha 2024/25 hadi 2028/29, ikiwa imeanza kutekelezwa, lalamiko hilo limegeuka kuwa maelezo ya kila tunaposhindwa, na wapo wanaotaka anayefuta kesi naye achukuliwe hatua.

Hoja yangu ni kwamba jambo hili tumelisoma kinyume. Mwanamke mtu mzima aliyepigwa na mume au mwenza wake anapofuta kesi, mara nyingi hafanyi hivyo kwa woga wala kwa kutojua sheria. Amepiga hesabu, akaona kwamba serikali imempa mashtaka ilhali alichokosa ni mahali pa kulala, fedha ya chakula na uhakika kwamba watoto hawatakatishwa masomo. Msaada wetu umejengwa kuanzia kwenye faili, na maisha ya mwenye faili yameachwa yajitafutie njia. Maadamu mpangilio ni huo, elimu ya kuhimiza watu kuripoti itaongeza mafaili yanayofunguliwa, na kwa kiasi kile kile itaongeza yanayofungwa bila hukumu.

Ni haki kukiri kwanza kilichojengwa, kwa maana si kidogo. Madawati ya Jinsia na Watoto ya Jeshi la Polisi, ambayo miaka 20 iliyopita hayakuwapo, leo yako katika vituo zaidi ya 400. Hospitali kadhaa, ikiwamo ya Amana jijini Dar es Salaam, zina Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo manusura anatakiwa kumkuta mhudumu wa afya, askari na ofisa ustawi chini ya paa moja, badala ya kuzungushwa mjini na jeraha lake. Mpangilio huo una maana ya uhai na kifo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria wa ngazi ya jamii, na tangu mwaka 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoani. Kabla ya serikali kufika hapo, mashirika kama TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa mwaka 1987, na Kivulini, shirika la haki za wanawake la Mwanza, iliyoanzishwa mwaka 1999, yalikuwa yakipokea wanawake waliofukuzwa usiku na kuandika habari ambazo magazeti mengi yaliziona ni mambo ya chumbani. Na matunda yapo. Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu watimize miaka 15, na ule wa mwaka 2022 ulionesha asilimia 27.

Hata hivyo, ukivitazama vyombo hivyo vyote kwa pamoja utaona vina jambo moja linalofanana: vinamhudumia mtu kwa saa chache za mwanzo na kwa shughuli za mashtaka. Dawati hupokea maelezo, hospitali hushona jeraha na kujaza PF3, msaidizi wa kisheria humwelekeza mahakama gani aende. Jioni ikifika, kila ofisi imefanya wajibu wake na imefungwa, na mwanamke amesimama nje ya geti la hospitali na mtoto mgongoni, bila jibu la swali la usiku huo. Wengi hurudi walikotoka, kwa sababu ndiko kwenye godoro, sufuria na sare za shule. Wengine huenda kwa kaka au kwa dada, ambako chumba ni kimoja na mwenye nyumba hapendi wageni wa muda mrefu.

Nimewahi kumsindikiza jirani yangu katika safari ya namna hiyo, na lililonishangaza halikuwa jeuri ya askari wala mlolongo wa fomu. Askari aliyetupokea alikuwa mpole na alifanya kazi yake vizuri. Mume alikamatwa siku hiyo hiyo akawekwa mahabusu. Kesho yake asubuhi mama yule alikuwa jikoni anapika wali na maharage ya kumpelekea, kwa sababu mtu aliyeko mahabusu ya polisi kwa kawaida hula kinachotoka nyumbani kwake, na nyumbani kwake ni kwa yule yule aliyepigwa. Alibeba hotipoti hadi kaunta akiwa na nyuzi saba juu ya jicho. Ndugu wa mume walikuwa wamekaa kwenye benchi wakimsubiri, si kwa matusi, bali kwa swali la kistaarabu kabisa: kodi ya nyumba inaisha mwezi ujao, ataitoa nani? Yeye hakuwa na jibu, na mimi sikuwa nalo. Faili lilifungwa kabla hata halijafika kwa mwendesha mashtaka.

Swali la kodi linastahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko tunavyolichukua, kwa sababu ndilo linaloamua. Katika miji yetu mwenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu, na wengi wanataka ya miezi sita, kwa mkupuo. Mwanamke anayeuza maandazi au chakula cha mama lishe hana akiba hiyo, na akihama mtaa anapoteza pia wateja na eneo alilolizoea, pamoja na kikundi chake cha kuweka na kukopa, ambacho hisa zake zimo na hazitoki kabla mzunguko haujaisha. Kumhamisha mtoto shule kunahitaji barua, saini na muda, na mara nyingi baba ndiye aliyemwandikisha. Cheti cha kuzaliwa kimo kabatini, na ufunguo wa kabati anao huyo baba. Kwao nako si kimbilio la hakika. Katika jamii ambazo mahari hulipwa kwa ng'ombe, kama ilivyo Mara na sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa, binti anayerudi nyumbani anarudi na deni, na ng'ombe wale huenda walishamwoza kaka yake. Kusini, miongoni mwa jamii za ukoo wa mama, mwanamke angalau hurudi kwenye ardhi ya wajomba zake, jambo linalopunguza ukali wa hesabu, ingawa halizuii kipigo. Mafunzo ya kitchen party na nasaha za makungwi kuhusu kuvumilia vina sehemu yao, lakini mwanamke asiye na kodi ya miezi sita atavumilia hata kama hakuna aliyemfundisha.

Sheria nayo imempangia njia ngumu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, mila iseme isemavyo. Kwa mwaka ule lilikuwa tamko la kijasiri. Lakini ni tamko tu. Kifungu chenyewe hakikuweka adhabu wala hakikumpa aliyepigwa njia ya haraka ya kupata ulinzi, hivyo anabaki na makosa ya jumla ya kushambulia na kudhuru mwili, kama vile amepigwa na mgeni kwenye kituo cha daladala. Tanzania Bara haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Mahakama inaweza kumzuia mume asimsumbue mke, lakini uwezo huo umefungwa ndani ya shauri la ndoa, na mlango wa shauri la talaka ni Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kabla ya kufungua shauri, wanandoa wanapaswa kufika mbele ya baraza hilo, liwe la kata, la kanisa au la Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Sheria imeorodhesha hali ambazo mtu anaweza kuruka hatua hiyo, kwa mfano mwenzi aliyetoroka na asiyejulikana aliko, au aliyefungwa miaka mitano na zaidi. Kupigwa hakumo katika orodha. Kuna kifungu cha jumla kuhusu mazingira yasiyo ya kawaida, lakini anayekitegemea itabidi aishawishi mahakama, na ndivyo mwanamke mwenye nyuzi usoni anavyoketi meza moja na mume aliyemjeruhi, akiulizwa na wazee yeye alikosea wapi.

Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi huo unatajwa, na ni sawa utajwe, kama nguzo ya haki za wanawake. Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu katika rufani ile, kwa kuwa mahakama iliona alikuwa ameshapewa fedha na kuzitumia vibaya. Kwa vyovyote, mgawanyo huja pamoja na talaka au kutengana kwa amri ya mahakama, yaani mwishoni. Anayehitaji nauli ya leo hasaidiwi na nusu ya nyumba ya miaka mitatu ijayo.

Wanaotaka kesi zisifutwe kabisa wana hoja yenye uzito, na sitaki kuipita juu juu. Wanasema ukatili ni kosa dhidi ya Jamhuri, si ugomvi wa watu wawili. Kwamba kuruhusu mlalamikaji ajitoe ni kumpa mpigaji sababu ya kumtisha. Na kwamba mume akijua kesi haifutiki, ndugu zake hawatakuwa na haja ya kumshinikiza mke. Pale aliyedhulumiwa anapokuwa mtoto nakubaliana nao bila sharti lolote. Binti wa miaka 12 aliyebakwa, kisha baba na babu wakapokea ng'ombe wawili na kutia dole gumba kwenye karatasi kwa mjumbe, hakufuta kesi yeye. Ameuzwa mara ya pili, na waliopokea wanapaswa kushtakiwa pamoja na aliyetoa. Hapo ukali wa mahakama maalumu za udhalilishaji zilizoanzishwa Zanzibar unaeleweka. Kosa ni kuchukua mantiki ya kesi ya mtoto na kuihamishia kwa mama yake bila kubadilisha neno. Kwa mtu mzima, Sheria ya Ushahidi tayari inaruhusu mwenzi alazimishwe kutoa ushahidi pale mshtakiwa anapotuhumiwa kumdhuru yeye au watoto wake. Nguvu ya kulazimisha, kwa hiyo, ipo miaka yote hii. Haitumiki sana kwa sababu kila mwendesha mashtaka anajua kinachotokea shahidi aliyelala nyumba moja na mshtakiwa anapopanda kizimbani: hakumbuki, aliteleza bafuni, giza lilikuwa nene. Ukimfunga kwa kusema uongo utakuwa umewaadhibu wote wawili na kuwaacha watoto na bibi. Na wengine watajifunza jambo moja tu, nalo ni kutokwenda kituoni hata mara ya kwanza.

Upande wa pili wamo wanaotetea kuyamaliza kifamilia, nao si wote ni wapiga wake. Wanakumbusha kwamba manusura wengi wanaotafuta msaada huanzia kwa ndugu zao na wa mume, wachache hufika polisi, na hili ni kweli kwa mujibu wa tafiti hizo hizo za taifa. Kikao cha ukoo huweza kupatikana kesho asubuhi, hakidai nauli ya mjini, na kikiwa na mzee mwenye kusikilizwa kinaweza kumtoza mume gharama za matibabu na kumwekea masharti, mambo ambayo mahakama ya jinai kwa kawaida haimpi mlalamikaji. Hata Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kuhimiza upatanishi katika makosa madogo ya kushambulia. Udhaifu wa kikao ni kwamba hakina namna ya kufuatilia kilichoamuliwa, na wanaoketi wengi wao ni wa upande wenye nyumba. Mwanamke anayekwenda kwenye kikao hicho akiwa hana pengine pa kulala huwa haendi kupatana, anakwenda kukubali. Akienda akiwa na chumba chake na kodi imelipwa, kikao kile kile, na wazee wale wale, huzungumza lugha nyingine. Kwa maana hiyo sioni haja ya kuchagua kati ya ukoo na mahakama. Kinachohitajika ni aliyepigwa awe na uwezo wa kuinuka na kuondoka katika chombo chochote asichokiamini.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi vijiweni na wakati mwingine kwenye mimbari, ni kwamba nyumba salama na misaada ya namna hiyo itavunja ndoa: wanawake wakijua pa kukimbilia, kila mwenye hasira atafunga virago. Hoja hii inadhani kwamba mtu huacha godoro lake, biashara yake na majirani zake, akaenda kulala kwenye kitanda cha deki katika nyumba yenye saa za kutoka na kuingia, kwa sababu ya hasira ya siku moja. Aliyewahi kuingia katika nyumba salama yoyote anajua kwamba si hoteli. Zaidi ya hapo, hoja hii inakiri bila kutaka jambo zito sana: kwamba zipo ndoa zinazosimama kwa sababu tu mmoja hana pa kwenda. Kama zipo, basi kinachozishikilia tayari si ndoa. Wapo pia wanaouliza, mbona wanaume nao wanapigwa? Wanapigwa, ndiyo, na wanastahili dawati lenye heshima na askari asiyewacheka. Lakini sijasikia anayeuliza swali hilo akidai nyumba salama ya wanaume, hivyo nadhani mara nyingi linaulizwa ili kunyamazisha la kwanza.

Hoja ya gharama ni ya maana zaidi. Nyumba salama ni ghali: inahitaji mlinzi, chakula, nesi, mshauri na gari, na kwa sababu hiyo nyingi zinazofanya kazi nchini zinaendeshwa na mashirika kwa fedha za wafadhili. Mkoani Mara, nyumba za Mugumu na Butiama zinazosimamiwa na shirika la Hope for Girls and Women chini ya Rhobi Samwelly, pamoja na kituo cha Masanga wilayani Tarime, zimeokoa mabinti wengi wanaokimbia ukeketaji, hasa katika miezi ya Desemba ambapo sherehe hupamba moto. Ni kazi kubwa, lakini ilibuniwa kwa ajili ya binti anayekimbia msimu. Mama wa watoto wanne, mmoja wao mvulana wa miaka 15, anakimbia kitu kisicho na msimu, na mahitaji yake ni tofauti. Mfadhili akibadilisha vipaumbele, nyumba inafungwa. Hakuna hospitali ya wilaya inayoendeshwa kwa utaratibu huo.

Lakini gharama isichukuliwe kuwa ni ya majengo tu. Kwa wengi, kodi ya miezi mitatu na mtaji wa kurudisha genge vingetosha, na vingegharimu pungufu ya kitanda cha nyumba salama. Halmashauri zetu tayari hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Tatizo ni kwamba mikopo ya wanawake hutolewa kwa vikundi, na mwanamke aliyetoroka jana hana kikundi katika kata aliyofikia. Kikundi chake amekiacha kule alikopigiwa. Kadhalika kaya iliyoandikishwa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, imeandikishwa kwa kijiji na kwa nyumba. Hakuna sababu ya kisayansi ya kumzuia ofisa ustawi wa jamii asitoe barua moja inayomwezesha manusura kupata sehemu ndogo ya fungu hilo kama ruzuku ya dharura, au kuhamisha usajili wake bila kumtaka aende kusainiwa na mwenyekiti wa mtaa ule ule ambao mumewe ni mjumbe. Hilo linahitaji kanuni kubadilishwa, na kanuni hubadilishwa na waziri kwa tangazo katika Gazeti la Serikali.

Ushahidi kwamba fedha na elimu vinategemeana tunao hapa hapa. Jijini Mwanza, watafiti wa mradi uliojulikana kama MAISHA walichukua wanawake waliokuwa tayari katika vikundi vya mikopo midogo, wakawapa baadhi ya vikundi mafunzo ya vikao kumi kuhusu jinsia, mahusiano na ukatili. Baadaye, kati ya waliofunzwa, asilimia 23 walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza ndani ya mwaka uliopita, dhidi ya asilimia 27 ya wasiofunzwa. Pungufu hilo si kubwa sana, ila lilipatikana. Mafunzo hayo hayo yalipojaribiwa kwa wanawake wasiokuwa katika vikundi vya mikopo, hayakuonesha kupunguza kipigo. Sidai kwamba mkopo ni kinga. Kuna waume wanaopiga hasa siku mke anapoanza kushika fedha. Ninachosoma hapo ni kwamba maneno mazuri kuhusu haki yanapata pa kushika pale msikilizaji anapokuwa na cha kusimamia. Sehemu kubwa ya bajeti zetu za uhamasishaji, fulana na maturubai ya Siku 16 yakiwamo, imekuwa ikienda kwenye maneno.

Wanaharakati wengi wanaona dawa ni sheria mahususi, na wanatazama majirani. Uganda ilipitisha Sheria ya Ukatili wa Majumbani mwaka 2010, na Kenya ilipitisha ya kwake mwaka 2015, inayompa hakimu uwezo wa kutoa amri ya ulinzi na kumzuia mtuhumiwa kukanyaga nyumbani bila kusubiri kesi ya jinai iishe. Naunga mkono tuwe nayo, kwa sababu inageuza swali la nani aondoke: badala ya mama na watoto wanne kutafuta chumba, mtu mmoja ndiye anayekwenda kulala kwa rafiki yake. Lakini Kenya yenyewe inatufundisha tusiipe sheria mzigo isioweza kuubeba. Agnes Tirop, mwanariadha wa kimataifa, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, miaka sita baada ya sheria ile. Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyeshiriki Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mwenza wake katika kaunti ya Trans Nzoia, akafariki Septemba 5, 2024. Nyuma ya kifo hicho kulikuwa na mgogoro wa kipande cha ardhi alichojenga, na familia yake ilisema taarifa zilikuwa zimeshafikishwa polisi. Wote wawili walikuwa na vipato ambavyo mama lishe hawezi kuviota. Amri ya mahakama ina nguvu ya askari atakayefika inapovunjwa, na askari huyo anahitaji pikipiki yenye mafuta.

Kwa hiyo, kama awamu hii ya MTAKUWWA inataka kupimwa kwa haki, vipimo vyake navyo vibadilike. Leo taarifa za wilaya hujaa idadi ya matukio yaliyoripotiwa, kesi zilizofikishwa mahakamani na watu waliofikiwa na elimu. Iongezwe safu ya kueleza, miezi sita baada ya kuripoti, manusura analala wapi, anakula kwa kazi gani, watoto wanasoma au wameacha, na kama amepigwa tena. Dawati likiandika kwamba mlalamikaji amejitoa, liandike na sababu aliyoitaja kwa maneno yake, kisha maelezo hayo yapelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri na si kwa mkuu wa upelelezi peke yake. Kazi ya kufuatilia haya ni ya ofisa ustawi wa jamii, ambaye katika kata nyingi hayupo, na pale alipo hugawana dawati na ofisa maendeleo na kwenda kwa manusura kwa nauli yake. Bajeti ya halmashauri huanza kuandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai, na ni katika vikao hivyo vya kata, ambavyo wahudhuriaji wake huwa wachache, ndipo kifungu cha dharura kwa manusura kinapoweza kuingizwa au kukosekana kwa mwaka mwingine mzima.